Msiba Usio na Wanawake

Nyamizi alinipigia simu asubuhi moja mwezi uliopita. Hakuuliza habari za magoti yangu, ambayo kwa kawaida ndiyo huanza nayo. "Mdogo wangu, Lameck ametangulia," akasema. "Amefia kitandani kwake, mkewe kamshika mkono. Jumamosi tunampeleka kwao, mbele ya Kisesa. Wewe na mimi tunapanda gari la jeneza." Nikampa pole, nikamwambia nitakuja. Kabla hajakata simu akaongeza, "Na nimewaambia akina mama wa kanisani wapande wote. Lijae! Sitaki mtu ahangaike kutafuta mwanamke kwenye hilo gari." Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka kwa sauti mpaka mjukuu wangu akaja mlangoni kuangalia bibi amepatwa na nini, na Nyamizi naye akawa anacheka upande wa pili wa simu huku analia. Asiyejua kilichotokea zamani angesema tumekosa adabu.

Lameck hakuwa ndugu yetu wa damu. Undugu wetu ulitokana na mwaka mmoja, mwaka wangu wa kwanza kazini, na ndani ya mwaka huo mchana mmoja kwenye barabara ya kwenda Magu. Nilistaafu upolisi nikiwa na vyeo begani, na bado vijana wa trafiki huniita mara moja moja niwape nasaha. Wananikalisha mbele, wananipa maji ya chupa, halafu wanasubiri ushujaa. Nawaambia ukweli: risasi zilipolia mimi nilikuwa mtaroni, kifudifudi, nina filimbi mdomoni na tope puani. Wanacheka, wanadhani najinyenyekeza. Sina unyenyekevu wowote, waulizeni wanaonijua. Nilikuwa mtaroni.

Nilifika Mwanza na sanduku la bati na sare mbili nyeupe, nikaambiwa kota za polisi zimejaa. Koplo Masanja, ambaye nilipangiwa kufanya naye kazi, akasema kwake Mkolani kuna chumba. Alisema haraka, kwa sababu mkewe, Nyamizi, alikuwa hajaulizwa. Nyumba yao ilijengwa kuegemea jiwe, kama nyumba nyingi za kule, na ukuta wa nyuma wa chumba changu ulikuwa jiwe lenyewe. Lilitunza joto la jua, na jioni nilipotoka kusimama barabarani kutwa nzima nililiegemezea mgongo mpaka uchovu ukanitoka. Chumba kilinukia dagaa, maana Nyamizi alikuwa na genge pale stendi ya Buzuruga na magunia yake yalilala kwangu. Nyumba haikuwa na dari. Ukuta ulipanda hadi usawa wa kichwa cha mtu mrefu ukaishia hapo, na maneno yalipita juu bila kubisha hodi.

Jioni tulikula sinia moja, ugali wa muhogo na sato aliyechemshwa na nyanya, au michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga siku ambayo genge halikuuza. Nyamizi hakuninyima kitu. Alikuwa na mimba ya kwanza, amechoka, miguu imevimba, na bado alinisogezea mnofu wa shavuni mwa samaki. Lakini asubuhi mambo yalikuwa mengine. Alipika chakula cha mchana cha mumewe, akakitia kwenye bakuli lenye mfuniko, akalifunga kwa kitambaa, akachomeka kijiko kwenye fundo. Kijiko kimoja. Bakuli alimkabidhi Masanja mkononi, akamwambia arudi salama. Mimi aliniambia kazi njema. Mchana Masanja alinigawia kwenye mfuniko, na nilikula kwa vidole nikitazama pembeni, kwa sababu nilijua chakula kile hakikupikwa kwa ajili yangu.

Sababu niliisikia alfajiri moja, juu ya ukuta. "Wamekupa mtoto wa kike," Nyamizi alikuwa akisema. "Umlinde wewe, au akulinde yeye?"

"Tunalindana," Masanja akajibu, na nikasikia anavaa viatu.

"Atakulinda na nini? Hata bunduki hana."

"Hata mimi sina bunduki. Anayo mwenzetu Chacha. Huyu binti ana macho, mama. Anaona vitu."

"Macho yanazuia risasi?" Kisha Nyamizi akasema kwa sauti ya chini, na ndiyo sauti niliyotembea nayo mwaka mzima, "Mimi sitaki kumzaa mtoto huyu msibani." Nililala pale nimeliegemea jiwe nikaona aibu, kana kwamba nimekamatwa nikiiba. Sikumchukia. Nilijiapiza tu kwamba mume wa mwanamke huyu atarudi nyumbani kila jioni, hata kama ni kwa mimi kumbeba mgongoni. Ukiwa na umri ule unaapa viapo vya namna hiyo kwa urahisi.

Kituo chetu cha kazi kilikuwa mbele ya Kisesa, mahali barabara inapopita kati ya mawe makubwa na majaruba ya mpunga. Tulikuwa watatu. Masanja na mimi tulikuwa na sare nyeupe na filimbi, na Konstebo Chacha ndiye aliyekuwa na bunduki. Chacha alikuwa mtu wa Mara, na watu walimwogopa kwa kabila lake, lakini sijamwona mwanamume mpole kuliko yeye. Alikaa kivulini nyuma ya jiwe akisoma Agano Jipya kwa kufuatisha mistari na kidole. Masanja ndiye aliyenifundisha kazi. Usisimame mbele ya gari, alisema, hata kama dereva ni padri. Simama nyuma kidogo ya mlango wa dereva, ili akitaka kukuona ageuze shingo. Tazama mikono kabla ya sura, sura inadanganya. Na salamu itangulie. Alimsalimu kila dereva, "Mwangaluka," na akasikiliza sauti inavyojibu. Alikuwa hodari, na alikuwa na subira, na alinirudia jambo lile lile bila kuninunia. Kulikuwa na magari ya aina moja tu ambayo mbele yake alisahau mafundisho yake yote, nayo yalikuwa magari ya msiba.

Hapo hakuwa peke yake. Kwetu gari la maiti halisimamishwi. Likitokea kwa mbali, limefungwa majani mabichi mbele na taa zimewashwa mchana, trafiki anavua kofia, anaiweka kifuani, anaingia katikati ya barabara kuzuia magari ya upande wa pili, na wafiwa wanapita. Hakuna anayeuliza leseni. Hata askari anayekula rushwa, ambaye angemtoza mama yake mzazi, msiba anauachia. Masanja alilifanya jambo hilo kwa heshima ambayo ilinigusa. Alisimama wima, kichwa wazi, mbele kabisa ya gari, mpaka lipite.

Mchana ule ikaja pikapu kutoka upande wa Mwanza, majani mbele, taa zinawaka. Nyuma kulikuwa na jeneza lililofunikwa kitambaa cha zambarau chenye msalaba mweupe, na wanaume watatu wamekaa kandokando yake. Mbele alikuwa dereva na mwanamume mwingine mwenye miwani. Masanja akavua kofia, akaingia barabarani, akazuia lori la ng'ombe lililokuwa likitoka Magu. Njia ikawa nyeupe. Pikapu haikupita. Ikapunguza mwendo, ikaja taratibu, ikasimama mbele yake na kuzimika.

"Poleni sana, ndugu zangu," Masanja akasema. "Piteni tu."

"Asante, afande," akajibu mwenye miwani. "Dereva, twende." Dereva hakuondoka. Alikuwa ameshika usukani juu kabisa kwa mikono yote miwili, macho mbele. Nilikuwa nimesimama ubavuni, mahali nilipofundishwa kusimama, na nikaanza kulitazama lile gari. Sikushuku chochote bado. Niliona tu kwamba kuna kitu kimepungua, na nikawa nakitafuta. Hapakuwa na masufuria. Hapakuwa na mkeka, wala kuni, wala ndoo. Halafu nikaona: hapakuwa na mwanamke. Nimezika watu tangu nikiwa mtoto, na sijawahi kuona jeneza likisafiri bila mwanamke wa kukaa upande wa kichwa. Mtu akikosa mama ana shangazi, akikosa shangazi ana dada, na aliyekosa wote hao akina mama wa kanisani watampandia gari na kumwimbia mpaka kaburini. Wanaume peke yao hawajui hata kulia vizuri.

Basi nikauliza. Nilitaka kuwapa pole ipasavyo, hiyo ndiyo ilikuwa nia ya kwanza. "Mama wa marehemu yuko gari gani?"

"Anakuja nyuma," akasema mmoja wa wale waliokaa na jeneza.

"Alishafariki," akasema mwenzake, wakati huo huo.

Nikatazama nyuma yao. Barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona. Masanja alisikia majibu yote mawili. Alichofanya ni kuivaa kofia yake. Aliiondoa kifuani, akaiweka kichwani, akaikaza, akaanza kurudi nyuma kutoka mbele ya gari. Hatukuwa tumepanga ishara yoyote, lakini Chacha alituambia baadaye kwamba aliinua macho kutoka kwenye kitabu chake akaona koplo anavaa kofia mbele ya jeneza, na akajua hakuna maiti mle. Akainuka na bunduki yake.

Kilichofuata kilikuwa kifupi, ingawa nimekiishi mara nyingi. Mmoja wa wale waliokaa na jeneza akainua kitambaa cha zambarau, mkono ukatoka na bunduki. Masanja akanisukuma kwa bega nikaenda mtaroni, nikasikia milio, na mmoja wa milio ile ulifuatwa na sauti yake akisema "Eee, mama" kama mtu aliyejikwaa. Dereva alifungua mlango akajiangusha chini, akatambaa chini ya gari. Chacha akajibu kutoka kwenye jiwe. Nilitaka kuinuka. Mwili ulikataa. Nilikuwa na kitu kimoja tu, filimbi, nikaipuliza. Niliipuliza bila mpangilio, bila pumzi, kwa hofu tupu. Na kutoka ng'ambo ya majaruba filimbi nyingine ikajibu. Halafu nyingine, kwenye mawe ya juu, na nyingine. Wale walikuwa sungusungu, wakulima wa vijiji vile, ambao kwao filimbi inayolia ovyo ina maana moja tu, mtu anashambuliwa, na kila mwenye miguu anatoka na alichoshika. Majambazi nao walizisikia. Mmoja alikuwa ameshajeruhiwa bega. Waliobaki walitupa bunduki wakakimbilia kwenye mpunga, na mtu asiyelima mpunga hawezi kukimbia kwenye tope la jaruba. Walikamatwa wote, wamekwama mpaka magotini, wakakabidhiwa kwetu wazima. Hakuna aliyekufa siku ile. Nalisema hili kila ninaposimulia, na kila mara nalisema polepole, kwa sababu bado linanipa raha.

Lakini wakati ule nilikuwa sijui. Nilimkuta Masanja ameegemea jiwe, suruali nyeupe imekuwa nyekundu kuanzia pajani. Nikatoa kanga kwenye mkoba wangu, ile ambayo kila mwanamke hutembea nayo bila kujua itafanya kazi gani, nikalifunga paja kwa nguvu zangu zote mpaka akanitukana kwa Kisukuma. Dereva akatoka chini ya gari, tope mwili mzima. "Injini itawaka," akasema. "Mpakieni. Naendesha mimi." Huyo ndiye Lameck. Chacha alibaki na sungusungu na mateka wake. Tukamlaza Masanja nyuma kando ya jeneza, maana kulishusha kungechelewesha, nami nikakaa upande wa kichwa chake nikimshika. Tulipofika Kisesa akafumbua macho, akaliangalia jeneza, akaniangalia mimi. "Haya," akasema, "sasa msiba una mwanamke." Nikamwambia akinyamaza atakuwa amenisaidia sana. Nilikuwa nalia na kamasi zinanitoka.

Sikulifikiria genge la Buzuruga. Nani angelifikiria? Nyamizi alikuwa amekaa nyuma ya mafungu yake ya dagaa pikapu ilipopita kwa kasi, na akaona alichokiona: majani ya msiba, jeneza, mumewe amelala kando yake hajitikisi, na yule mtoto wa kike amekaa kichwani analia. Aliacha genge wazi. Wanawake wa stendi waliniambia baadaye kwamba alitoka mbio na tumbo lake lile, na wao nyuma yake, kanga zimefungwa viunoni, yowe limeshaanza. Nilikuwa kwenye korido ya hospitali, sare yangu imekauka damu, nilipowasikia wanapanda ngazi. Daktari alikuwa ametoka dakika hiyo hiyo kuniambia risasi imepita kwenye nyama, mfupa umekwaruzwa, mtu atachechemea lakini ataishi. Nikasimama mbele ya Nyamizi. Niliogopa macho yake kuliko nilivyoogopa bunduki.

"Dada, yuko hai," nikasema. "Anaongea. Ameshanitukana."

Yowe lilikatika. Alinitazama usoni, akanitazama kifuani, kwenye damu ya mumewe, akanitazama mikono ambayo nilikuwa sijainawa. Akakaa chini sakafuni pale pale, wanawake wakamshika. Nilisubiri aniambie maneno ya alfajiri ile. Alipoinua uso aliniuliza, "Umekula?"

Nikasema hapana, tangu asubuhi. Kisha nikalia vibaya, pale koridoni, mbele ya watu, na Nyamizi akanivuta nikakaa sakafuni naye. Mmoja wa wale wanawake akateremka kutafuta chakula. Ulikuwa wali na maharage kwenye sahani ya bati, na tulikula wote wawili kwa mikono, tumbo lake likiwa limenigusa ubavu.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule naikumbuka kama miezi mizuri kuliko yote niliyoishi mjini. Masanja alikuwa nyumbani, mguu juu ya gunia la dagaa, mtawala wa sebule. Lameck alikuja kila Jumapili na sato mkubwa aliyefungwa kamba, akakaa mlangoni, na kila Jumapili alisimulia upya. Walimkodi asubuhi kama wanavyokodi wafiwa wote. Alipowauliza njiani mbona hawana akina mama, mwenye miwani alimwonyesha bastola. Ndani ya jeneza kulikuwa na mali iliyoporwa kwa sonara mmoja wa mjini, na Lameck alielewa kwamba safari ikiisha, yeye pia ataishia hapo hapo. Hakuweza kupiga kelele wala kuruka. "Nikajiambia, gari la msiba halisimamagi mbele ya polisi," alisema. "Basi mimi nitasimama. Wenye akili watajiuliza."

"Mimi sikujiuliza," Masanja alimjibu kila mara, bila aibu. "Nilikuwa nakuonea huruma tu. Aliyejiuliza ni huyu." Na Nyamizi, ambaye aliambiwa hivyo kila Jumapili, aliendelea kuparua samaki. Lakini asubuhi niliyorudi kazini, kabla Masanja hajapona, alinikabidhi bakuli lililofungwa kitambaa, mkononi, akaniambia nirudi salama. Ndani ya fundo kulikuwa na vijiko viwili. "Na Chacha naye ale," akasema, akageuka haraka. Watoto walizaliwa mwisho wa mwaka, wakatoka wawili, Kulwa na Doto, baba yao akiwa mlangoni na fimbo yake.

Hivyo Jumamosi ile ya mwezi uliopita ni Doto aliyeendesha gari la jeneza. Masanja alikaa naye mbele, amekonda, mguu umenyooshwa. Nyuma tulikuwa wanawake watupu, mjane wa Lameck upande wa kichwa, Nyamizi na mimi tumembana huku na huku, akina mama wa kanisani wanaimba, na masufuria yanagongana kila tulipopita tuta. Tulipofika kati ya yale mawe na majaruba, tukamwona trafiki. Alikuwa binti mdogo, sare nyeupe imenyooka. Akavua kofia, akaiweka kifuani, akazuia lori lililokuwa likija. Nikasikia Masanja anamwambia mwanawe, "Simama kidogo. Hapa ndipo Lameck alipopatia maisha." Doto akapunguza mwendo, akasimama.

Yule binti alitutazama. Nikaona mkono wake ukishuka kutoka kifuani. Akaivaa kofia, akaikaza, akatoka mbele ya gari akaenda kusimama nyuma kidogo ya mlango wa Doto, na macho yake yakaenda kwanza kwenye mikono. "Shikamooni, na poleni sana," akasema. "Mama wa msiba huu yuko wapi?" Sijui kama aliwahi kukaa kwenye nasaha zangu, au alifundishwa na aliyefundishwa na mwingine. Masanja aliinama mbele pale kwenye kiti, na mabega yake yakaanza kutikisika. Huku nyuma tulijibu wote kwa pamoja, mjane, akina mama, mimi, kila mmoja akiinua mkono na wengine wakianza kulia upya, mpaka binti wa watu akarudi nyuma hatua moja kwa kelele zetu. Akavua kofia tena.

Nyamizi alikuwa ameshainama kwenye masufuria. Alipakua, akafunika, akafunga kitambaa, akainyoosha mikono yake mizee nje ya gari. "Umekula, mwanangu?" akamuuliza. Binti akasema hawezi kupokea, yuko kazini, mwenzake yuko pale nyuma ya jiwe. "Najua," Nyamizi akamwambia. "Nimeweka vijiko viwili."